Mashine za kansa: idadi inayotajwa jukwaani na ile isiyotajwa

Kila mdahalo wa afya hapa nchini hufika mahali pamoja. Anayetetea serikali, iwe ya kaunti au ya kitaifa, anasema, "Tumeleta mashine za kansa." Anayepinga anajibu, "Mashine gani? Watu wetu bado wanauza mashamba waende India." Msimamizi anaangalia saa, wanahamia barabara na bei ya unga, na sisi huku mitandaoni tunabaki kurushiana picha za utepe ukikatwa.

Uzi huu hautaji mtu wala chama. Nataka tuiangalie mashine yenyewe. Inafanya nini, inasimama kwa nini, na kwa nini kuhesabu mashine za kansa ni kama kuhesabu matatu za kampuni bila kuuliza ni ngapi ziko barabarani leo na ni ngapi ziko juu ya mawe kwa gereji. Ni mrefu kidogo. Chukua chai.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo jukwaani huwa vinachanganywa makusudi au kwa kutojua. Kuna vifaa vya kuona na kuna vifaa vya kutibu. Eksirei, mammogramu, CT scan, MRI na PET-CT vinaona. Vinakuambia uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, umesambaa au la. Kutibu kwa mionzi, kile wagonjwa wengi huita "kuchomwa", ni kazi ya mashine nyingine kabisa: ya kobalti, au ile inayoitwa linaki. Halafu kuna tiba ya mionzi ya ndani, ambapo chanzo kidogo cha mionzi huingizwa hadi kwenye uvimbe wenyewe, hasa kwa saratani ya mlango wa kizazi.

Kwa hivyo mheshimiwa akisema hospitali ya kwao sasa ina mashine ya kansa, na ukikuta ni mammogramu, hajadanganya. Lakini mama aliyepatikana na uvimbe kwa hiyo mammogramu bado atapanda basi la usiku.

Na hata vya kuona vina hadithi yake. Mnakumbuka ule mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza 2015: hospitali mbili kwa kila kaunti pamoja na nne za kitaifa, jumla 98. Makato kwa kila kaunti yalianza kama shilingi milioni 95 kwa mwaka, yakapanda hadi milioni 200. Seneti iliunda kamati maalum kuuchunguza, na moja ya malalamiko makubwa yalikuwa kwamba vifaa vimefika mahali pasipo na wataalamu, pasipo na maji ya uhakika, au stima isiyotosha. Pesa inakatwa, mashine imefunikwa nailoni. Tulibishana sana kuhusu nani alikula. Tulibishana kidogo mno kuhusu nani angeitumia.

Sasa hebu tupige hesabu ya mashine ya kutibu, kwa sababu hapa ndipo mjadala unakosa miguu.

Chukua mashine moja inayofanya kazi saa 8 kwa siku. Kila mgonjwa anachukua dakika 15, kuanzia kupanda mezani, kupangwa sawasawa kwa milimita, kupigwa mionzi na kushuka. Hao ni watu 32 kwa siku. Kwa siku 250 za kazi, ni vipindi 8,000 kwa mwaka. Lakini mgonjwa haji mara moja. Matibabu mengi ya kuponya huenda vipindi 25 au zaidi, siku tano kwa wiki. Gawa 8,000 kwa 25: wagonjwa 320. Mwaka mzima.

Makadirio ya GLOBOCAN ya 2020 yaliweka visa vipya vya saratani Kenya karibu 42,000, na vifo karibu 27,000. Kwa kawaida hukadiriwa kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa saratani watahitaji mionzi wakati fulani. Nusu ni 21,000. Gawa kwa 320 na unahitaji zaidi ya mashine 65. Si wote wanaohitaji vipindi 25, wengine ni vichache, kwa hivyo idadi halisi ni ndogo kuliko hiyo. Ikate hata nusu, bado ni zaidi ya 30.

Hapo anayepinga serikali atasema, "Si nimewaambia?" Ngoja kwanza. Toa siku 50 kwa mwaka ambazo ile mashine imelala kwa sababu kipuri hakijafika, au kiyoyozi kimeharibika, au aliyepaswa kuipima hayuko. Vipindi vinashuka hadi 6,400, wagonjwa 256. Watu 64 wamepotea kwenye hesabu na idadi ya mashine bado ni ileile. Jukwaani bado utaambiwa, "Tuna moja."

Tukizungumzia kulala, majirani zetu Uganda walituonyesha hali hiyo ikifika mwisho. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa na mashine moja tu ya kutibu kwa mionzi nchi nzima, ya kobalti, iliyonunuliwa 1995. Mapema mwaka 2016 ikaharibika kiasi cha kutotengenezeka. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Karibu miaka miwili katikati, nchi nzima bila mionzi. Aga Khan University Hospital hapa Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400 bila malipo ya matibabu. Ni ukarimu, lakini 400 ni idadi ndogo mbele ya nchi nzima.

Kwani ilikuwa ngumu kununua nyingine wiki ijayo? Ndiyo, ilikuwa ngumu, na hili halielezwi mdahaloni. Mashine ya mionzi haiwekwi kwa chumba chochote. Inahitaji chumba chenye kuta za zege nene, mahali pengine zaidi ya mita moja na nusu, ili aliye nje asipigwe na mionzi. Chanzo cha zamani lazima kitolewe na watu wenye leseni, kisafirishwe kwa kibali, kihifadhiwe mahali salama. Hilo la mwisho si mchezo. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, mashine ya zamani ya mionzi iliachwa kwenye jengo la kliniki iliyohama. Watu wakaivunja kuuza chuma chakavu, wakakuta unga unaong'aa rangi ya bluu, wakagawana. Wanne walikufa na zaidi ya 200 walipatikana na mionzi mwilini au kwenye ngozi. Kwa hivyo ukisikia "tumeleta mpya", ni halali kabisa kuuliza, "Na ile ya zamani iko wapi?" Hapa Kenya swali hilo linaenda kwa mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa na sheria ya 2019.

Kobalti ina tabia nyingine. Inazeeka hata kama hujaigusa. Kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu zake kila miaka mitano na miezi mitatu hivi. Kipindi kilichochukua dakika 2 za mionzi mwaka wa kwanza kitachukua dakika 4 baadaye, kwa dozi ileile. Foleni inarefuka bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka. Nimeona watu humu wakilaumu wahudumu kwa "uvivu" hospitali za umma. Wakati mwingine ni fizikia tu, na bajeti ya kubadilisha chanzo ambayo ilikatwa.

Linaki haina shida hiyo. Inatengeneza mionzi yake kwa stima, ukiizima hakuna mionzi tena. Ni sahihi zaidi na ndiyo mashine ambayo nchi nyingi zinaelekea. Lakini inadai stima safi isiyokatika-katika, maji ya kupoza, kiyoyozi kisicholala, na mkataba wa matengenezo unaolipwa kila mwaka. Mnakumbuka Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza? Jenereta inaweza kuokoa chumba cha upasuaji. Kurudisha linaki kazini ni zaidi ya kubonyeza swichi: lazima ikaguliwe kwanza kabla mtu yeyote hajalazwa chini yake.

Sasa, mtu atasema, siku mbili tatu bila mashine si mwisho wa dunia. Kwa vitu vingi ningekubali. Kwa mionzi, hapana.

Dozi hugawanywa kidogo kidogo kwa sababu seli za kawaida hujitengeneza haraka na vizuri zaidi kuliko za saratani kati ya kipindi na kipindi. Ukikatiza katikati, unazipa nafasi zile za saratani zilizobaki, na baadhi ya saratani huanza kuzaana kwa kasi zaidi baada ya wiki chache za matibabu. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, moja ya zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya, lengo ni matibabu yote, ya nje na ya ndani, yaishe ndani ya wiki nane. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha kwamba kila siku inayozidi muda unaofaa inaweza kupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa hadi asilimia 1 hivi. Mashine ikilala wiki mbili katikati ya matibabu ya mama wa miaka 45, hakuna atakayeandika "mashine" kwenye cheti cha kifo.

Hii ndiyo sababu nasema swali la "mashine ngapi" halitoshi. Swali ni: mwezi uliopita, zilifanya kazi siku ngapi, na wangapi walioanza matibabu waliyamaliza kwa wakati? Hospitali yoyote yenye mashine hizi ina majibu hayo kwenye kumbukumbu zake. Bunge la kaunti linaweza kuyaitisha. Sijaona mdahalo ambapo msimamizi aliuliza.

Kuna mtu mmoja pia ambaye hatajwi kamwe. Tunataja daktari, tunataja nesi, mara mojamoja mtaalamu wa eksirei. Hatumtaji mwanafizikia wa tiba.

Huyu ndiye anayehesabu mionzi iingie kutoka pembe gani, kwa muda gani, ili uvimbe upate dozi kamili na uti wa mgongo, utumbo au moyo vipate kidogo iwezekanavyo. Mashine hupimwa kila asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, na yeye ndiye anayesimamia upimaji huo. Kwa vipimo vikubwa anatumia tangi la maji, kwa sababu mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji na mionzi hupita ndani yake karibu vile inavyopita ndani ya maji. Anatumbukiza kipimo, anapiga mionzi, anasoma. Tofauti ya asilimia chache tu inatosha kusimamisha kazi.

Ni kazi ya kuchosha na isiyopigwa picha. Lakini angalia ikikosewa. Mwaka 1996, mjini San José, Costa Rica, hospitali ilibadilisha chanzo chake cha kobalti. Katika kupima nguvu ya chanzo kipya, dakika 0.3 ikachukuliwa kuwa ni sekunde 30. Piga hesabu: dakika 0.3 ni sekunde 18. Kwa kosa hilo moja, chanzo kipya kilionekana dhaifu kuliko kilivyokuwa, na wagonjwa wakawekwa chini ya mionzi kwa muda mrefu kupita kiasi. Watu 115 walipata dozi iliyozidi waliyoandikiwa kwa zaidi ya nusu. Mashine ilikuwa nzima. Chanzo kilikuwa kipya kabisa. Siku ya uzinduzi ungepiga makofi.

Kuna kinga ya makosa kama hayo, na haina gharama kubwa. Tangu 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Shirika la Afya Duniani huendesha ukaguzi wa dozi kwa njia ya posta. Hospitali inatumiwa vipimo vidogo, inavipiga kwa dozi inayodhani ni sahihi, inavirudisha Austria, na huko wanasoma ni dozi gani hasa iliyoingia. Mheshimiwa anayejigamba kwa mashine aulizwe hivi: matokeo ya ukaguzi wa mwisho yalikuwaje, na uliishia mwezi gani?

Mwanafizikia huyu haletwi kwa meli. Shahada ya kwanza miaka minne, ya uzamili miwili, halafu angalau miwili ya mafunzo ndani ya hospitali chini ya mtu mwenye uzoefu. Hiyo ni miaka minane. Muhula wa kisiasa ni mitano. Mashine inaweza kuahidiwa, kununuliwa na kuzinduliwa kabla ya uchaguzi ujao. Anayeanza chuo leo atakomaa chini ya serikali ambayo hata hatujui itaongozwa na nani. Sasa unaelewa kwa nini bajeti ya mashine hupita haraka na ya kusomesha na kubakisha watu hawa hubaki "inashughulikiwa". Na tukishawasomesha, nchi za nje zinawataka pia, na zinalipa.

Nisiwe mkali upande mmoja. Kazi imefanyika. Kwa miaka mingi mgonjwa wa umma alikuwa na Kenyatta National Hospital tu. Miaka ya karibuni tiba ya mionzi imefika Mombasa, Nakuru na Garissa. Mtu wa Wajir asiyelazimika kulala Nairobi wiki sita amepata kitu kikubwa, na anayekataa hilo anafanya siasa tu. Swali langu ni lilelile: Garissa, mwezi uliopita, siku ngapi?

Kuna ahadi nyingine ambayo naona ikianza kutajwa-tajwa: "Kila kaunti iwe na PET-CT." PET-CT ni kifaa kizuri ajabu. Mgonjwa anadungwa sukari iliyofungwa na chembe yenye mionzi, saratani inaila kwa pupa, picha inaonyesha ilipo. Aga Khan University Hospital ilianza nayo Nairobi mwaka 2018, na hospitali ya rufaa ya Kenyatta University pia inayo. Lakini hiyo sukari hutumia florini-18, ambayo hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 110. Inatengenezwa kwa mtambo maalum, saiklotroni, na mara inapotoka saa inaanza kuhesabu. Itoe Nairobi kwa barabara hadi Mombasa, saa nane hivi, na itafika ikiwa na kama asilimia 5 ya nguvu ilizotoka nazo. Kwa hivyo anayeahidi PET-CT kila kaunti atuambie pia saiklotroni zitakuwa wapi, au ndege zitaruka saa ngapi. Bila hilo ni kamera isiyo na filamu.

Sasa sehemu ninayoipenda, kwa sababu inaonyesha foleni inaweza kufupishwa bila mashine mpya.

Rudi kwa ile hesabu ya 8,000 gawa 25. Tumekuwa tukibishana kuhusu 8,000. Watafiti wamekuwa wakishughulika na 25.

Uingereza walifanya utafiti uitwao FAST-Forward, wagonjwa 4,096 wa saratani ya matiti ya hatua za mapema, waliokuwa tayari wamefanyiwa upasuaji, katika hospitali 97. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida ya huko, grei 40 kwa vipindi 15, wiki tatu. Lingine likapata grei 26 kwa vipindi 5, wiki moja tu. Matokeo ya miaka mitano yalichapishwa 2020: saratani kurudi kwenye titi haikuwa zaidi kwa waliopewa wiki moja. Kabla ya hapo tafiti nyingine zilikuwa zimeshaonyesha kwamba 15 zinafaa pale 25 zilipokuwa desturi. Na kwa maumivu ya saratani iliyofika kwenye mifupa, imejulikana kwa miaka kwamba kipindi kimoja cha grei 8 hutuliza sawa na vipindi kumi, ingawa baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudiwa baadaye.

Gawa 8,000 kwa 5. Wagonjwa 1,600 badala ya 320. Mashine ileile, zege lilelile, stima ileile.

Tahadhari, kwa sababu najua kuna mtu atachukua hii sentensi peke yake aende nayo jukwaani. Haifai kila saratani wala kila hatua, na wagonjwa wetu wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Pia dozi kubwa kwa kipindi kimoja inamaanisha kosa la milimita au asilimia lina madhara makubwa zaidi, kwa hivyo unahitaji picha nzuri kila siku na yule mwanafizikia ambaye hatajwi. Lakini kwa mama wa Turkana, tofauti kati ya wiki moja na wiki tano Nairobi ni kodi ya chumba, nauli, watoto walioachwa kwa shangazi, na mbuzi wangapi wameuzwa. Bima hailipi mbuzi.

Na kwa bima ndipo kuna fundo ambalo ningependa mdahalo ujao uligonge. Sote tunajua asilimia 2.75 inayokatwa kwa SHA. Hilo tumebishania hadi sauti zimekauka. Kitu ambacho sijasikia kikibishaniwa ni jinsi hospitali inavyolipwa kwa mionzi: kwa kipindi. Ikimtibu mgonjwa kwa vipindi 15 inalipwa mara 15. Ikifuata utafiti na kumtibu kwa vipindi 5, inalipwa mara 5, na kazi ya kupanga matibabu, ambayo ndiyo ngumu, imeongezeka badala ya kupungua. Kwa malipo ya namna hiyo, hospitali inayofupisha foleni inajikata mapato, na inayoirefusha inalipwa zaidi.

Kubadilisha hilo hakuhitaji meli, zege wala utepe. Kunahitaji bei mpya kwenye jedwali la malipo: kiasi kimoja kwa matibabu kamili, yawe ya wiki moja au tano. Jedwali hilo hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali na linaweza kurekebishwa. Mwenye kiti cha kuuliza maswali wiki ijayo anaweza kuanzia hapo.